Mama Augustine Lifenya na Ua Lililokuwa na Majina Mawili

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu popote redio hii inapowafikia. Wa Mangobo, wa Kabondo, wa Makiso, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Lubunga. Mimi ni Naomie Aziza. Kaeni nami kidogo. Saa hii tunaitumia kumkumbuka mtu wetu mmoja.

Leo tunamkumbuka Mama Augustine Lifenya. Augustine Lifenya, binti wa mvuvi wa Yanonge. Kwa miaka arobaini na moja alitunza mimea mikavu hapa Kisangani. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Kabondo. Alikuwa na miaka sitini na minane. Tulimzika Ijumaa, na mvua ilitungoja tumalize ndipo ikanyesha.

Wengi wenu hamkumjua kwa jina hilo. Lakini kama uliwahi kuuza karanga au samaki pale katikati ya Makiso, ulimjua. Ni yule mama mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa anapita kuomba magazeti ya zamani. Walimwita Mama Magazeti. Wengine walidhani anayauza. Wengine walidhani kichwa kimechoka kidogo. Yeye alicheka, akayakunja vizuri, akaenda zake.

Magazeti yale yalikuwa ya kukaushia maua.

Nieleze kazi yenyewe, maana mimi pia sikuijua. Kuna chumba hapa mjini, chumba kirefu chenye kabati za chuma, ambamo mimea ya msitu wetu imehifadhiwa ikiwa mikavu. Wenye kazi yao wanakiita herbier. Mmea unachumwa na maua yake. Unatandazwa kati ya magazeti. Unabanwa kwa mbao mbili na mikanda. Unakaushwa polepole. Kisha unashonwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni wanaandika: nani aliuchuma, wapi, siku gani. Ukitunzwa hivyo, mmea unaweza kukaa miaka mia mbili. Mama Augustine alikuwa anasema, "Mumea bila karatasi yake, iko majani tu. Hata mbuzi ataipita."

Alizaliwa Yanonge mwaka 1956. Baba yake, Papa Lifenya, alikuwa mvuvi wa ndoano na nyavu. Hakuingia shule hata siku moja. Lakini binti yake alimpeleka, na jioni alimfundisha kushona nyavu. Hizo nyavu ndizo zilizompa kazi. Mwaka 1979 alikuja mjini akitafuta chochote cha kufanya. Profesa Pierre Lokonda, aliyekuwa mkubwa wa chumba kile, hakumwuliza kuhusu diploma. Alimwekea mezani ua moja la mtoni, laini kama utando wa yai, akamwambia, "Litandaze bila kulichana." Wanaume wawili waliokuja kabla yake, kila mmoja alikuwa amelichana la kwake. Augustine aliloweka vidole, akavuta pumzi, akalitandaza. Jumatatu iliyofuata alianza kazi.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Augustine alifanya mengi, lakini kuna mambo mawili lazima niyaseme. La kwanza ni la mwaka 2000. La pili ni la ua.

Juni mwaka 2000. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa siku zile sita, majeshi mawili ya kigeni yakipigana juu ya vichwa vyetu. Mabomu yaliponyamaza, watu walitoka kutafuta maji na jamaa zao. Mama Augustine naye alitoka. Alihakikisha watoto wake wawili, Merdi na Chance, wako salama kwa jirani. Kisha akatembea kwa miguu kutoka Kabondo hadi Makiso. Alikuta paa la chumba chake limetobolewa. Mvua ilikuwa imeingia. Mafungu ya karatasi yalikuwa yamelowa, mengine yameshikana kama mikate.

Hakukuwa na wa kumpigia simu. Hata simu yenyewe haikuwapo. Alianza kubeba. Fungu baada ya fungu, kichwani, hadi uani kwake. Merdi alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka hivi: "Uwanja muzima ilikuwa maua. Juu ya bati, maua. Juu ya kitanda yetu, maua. Mama alisema mutu akikanyaga moja, hatakula. Na chakula yenyewe haikuwa."

Aliokoa karatasi zaidi ya elfu nne. Zilizojulikana mahali pake alizirudisha kabatini. Zile ambazo maandishi yalikuwa yamelowa, au jalada limepotea, au zimeshikana na nyingine, alizikausha na kuzitia katika makarton ya sabuni. Makarton kumi na moja. Juu ya kila moja akaandika neno moja: Kupanga. Alitaka kuyapanga baadaye. Lakini paa lilingoja miaka, mishahara nayo ilingoja miaka, na yale makarton yakakaa chini ya meza. Kumi na moja, yakiwa yamefungwa.

Sasa nije kwenye ua.

Mwaka 2014 kulikuwa na mwanafunzi mmoja, Chimène Basele, msichana wa hapahapa Kisangani. Alikuwa anaandika utafiti wake wa udaktari. Mama Augustine alimsindikiza msituni, maana macho yake yalikuwa yanaona mmea kabla miguu haijafika. Siku moja, kwenye kijito kimoja upande wa barabara ya Ituri, mama alisimama. Juu ya jiwe lenye maji kulikuwa na ua dogo. Jeupe, na madoa mawili mekundu. Nyuma yake lilikuwa na mkia mwembamba uliopinda.

"Chimène, angalia," akasema. "Iko kama ndoano ya papa yangu."

Chimène hakuwa amewahi kuliona. Alitafuta vitabuni. Alitafuta katika orodha. Alifungua kabati zote za chumba kile, moja baada ya nyingine. Hakulipata. Basi mwaka 2016 alilitangaza katika jarida la wanasayansi kama ua jipya, ua ambalo halijapewa jina na yeyote. Na akalipa jina.

Ua likipewa jina la kisayansi, linapata maneno mawili. La kwanza ni la jamaa yake, kama kusema ukoo. Hilo lilikuwa tayari, Impatiens, jamaa ya maua ambayo tunda lake likiiva ukiligusa linapasuka mkononi. Neno la pili ni lake lenyewe. Na neno hilo, Chimène alilichagua kwa heshima ya mwanamke aliyeliona kwanza juu ya jiwe. Ua likaitwa *Impatiens lifenyae*. Yaani la Lifenya.

Mnaweza kufikiria furaha. Timothée Lifenya, mdogo wake Mama Augustine, ni katekista kule Yanonge. Alilitangaza kanisani baada ya misa. Samaki walipikwa kwa liboke, ndani ya majani, watu walicheza hadi jioni. Nilipomwuliza Papa Timothée juu ya siku ile, alifuta macho kwanza. "Papa yetu hakusoma," aliniambia. "Alikuwa anatia kidole mu wino kwa kusinya karatasi. Na leo jina yake iko mu vitabu ya dunia muzima. Mungu atupatie nini ingine?"

Miaka mitatu ikapita hivyo. Miaka mitatu ua lilikuwa na jina la Lifenya.

Machi mwaka 2019, mchwa waliingia chini ya meza. Mama Augustine alisema, sasa makarton hayangoji tena. Akaanza kuyafungua, moja moja. Alikuwa peke yake, asubuhi, madirisha wazi. Katika karton la nane alikuta fungu lililoshikana na kitambaa cha turubai. Akalibandua kwa kisu cha mezani. Ndani kulikuwa na jalada jekundu.

Jalada jekundu, wasikilizaji wapendwa, si jambo la kawaida katika chumba kile. Linawekewa karatasi moja tu kati ya mamia: ule mmea wenyewe ambao mtu aliutumia kutoa jina. Unaitwa kielelezo. Mtu yeyote akiwa na shaka jina fulani ni la mmea gani, harudi kwenye maneno. Anarudi kwenye ule mmea mkavu, anautazama.

Akafungua. Akaona ua dogo. Akaona mkia uliopinda kama ndoano. Chini yake, kwa kalamu ya Profesa Lokonda, mwandiko alioujua kama wake mwenyewe: *Impatiens nyotae*. Mwaka 1975. Na pembeni, kwa mwandiko mwingine, wa herufi ndefu zilizolala: "Ilichumwa na Jafari, juu ya mawe, Oktoba 1973."

Papa Jafari. Mfanyakazi wa chumba kile kabla yake, Mwislamu wa Mangobo. Augustine hakuwahi kumwona. Alifariki mwaka mmoja kabla yeye hajaajiriwa.

Basi ua lilikuwa na jina tangu zamani. Na karatasi ya kulithibitisha ilikuwa karton la nane, mahali alipoiweka yeye mwenyewe, akiiokoa na mvua.

Baadaye Mama Augustine alimsimulia Merdi saa ile ilivyokuwa. Merdi amenipa ruhusa niwaambie. Alisema: "Niliangalia mulango. Hakukuwa mutu. Nilifunga jalada, niliirudisha mu karton, nilienda ku nyumba." Siku ile alipika pondu, yale majani ya muhogo, bila chumvi, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kesho yake alikwenda kazini, hakugusa makarton. Siku ya tatu alimwita Chimène.

Chimène wakati ule alikuwa tayari mwalimu. Ua lile lilikuwa ua lake la kwanza. Lilimfanya ajulikane. Amenisimulia mazungumzo yao, neno kwa neno.

"Chimène, mwana yangu, ikala chini kwanza. Ile ua yetu iko na jina ingine. Ya zamani."

"Mama, haiwezekane. Nilitafuta kila fasi."

"Haukutafuta mu makarton yangu. Ni mimi niliiweka mule."

Chimène aliisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akauliza swali ambalo anasema bado linamtia aibu. "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Bon. Basi, mama, nani atajua?"

"Mimi ninajua," Mama Augustine akajibu. "Na sasa na weye unajua. Tuko tayari batu wawili."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maana jina la ua haliamuliwi kwa huruma, wala kwa ukubwa wa cheo. Nilimwomba Docteur Chimène anieleze kama anavyomweleza mtu wa sokoni. Alisema kuna maswali mawili. La kwanza: haya maua mawili ni mmea mmoja kweli? Hilo linaamuliwa kwa macho na vipimo. La pili: kama ni mmoja, jina gani lilichapishwa kwanza kwa kufuata kanuni? Hilo linaamuliwa na tarehe. Lililotangulia ndilo linalopokelewa. Lililofuata linaandikwa chini yake.

Swali la kwanza walilijibu siku hiyohiyo. Kwenye karatasi ya Papa Jafari kulikuwa na bahasha ndogo, na ndani ua moja lililodondoka. Likiwa kavu, lilikuwa kama kipande cha ganda la kitunguu. Walichemsha maji. Mama Augustine akalitia ua ndani ya kikombe, na tone moja la sabuni. Wakangoja. Polepole ua lile la miaka arobaini na tano likaanza kulegea, likafunguka. Petali zikaachana. Mkia ukajikunja. Madoa hayakuwa mekundu tena, yalikuwa ya kahawia, lakini yalikuwa mawili. Walipima kila kitu. Walihesabu kila kitu. Docteur Chimène anasema, "Nilikuwa ninaomba nikute tofauti. Hata moja. Sikuikuta."

Lilikuwa ua moja.

Likabaki swali la pili. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri. Jina lililoandikwa tu kwenye karatasi ya mmea halina nguvu. Lazima liwe limechapishwa, na chapisho liwe limefika kwenye maktaba watu waweze kulisoma. Lazima kuwe na maelezo ya ua, na miaka ile ilikuwa lazima kwa Kilatini. Lazima litajwe ua lipi kavu ndilo kielelezo. Kikikosekana kimoja, jina la zamani halihesabiwi. Kwa maneno mengine, kama Profesa Lokonda hakuchapisha, jina la Lifenya lingebaki.

Mama Augustine alilijua hilo. Angeweza kukunja mikono. Angesema, nimeonyesha karatasi, mengine si yangu. Yeye ndiye aliyetoka kwenda kutafuta ushahidi wa kujinyang'anya jina lake.

Alikumbuka kwamba Profesa alikuwa anatoa kijarida kidogo, kurasa thelathini hivi, kilichopigwa kwa mashine ya stensili. Profesa alifariki mwaka 1988. Nyumba yake iliuzwa, watoto wametawanyika. Chumbani hakikubaki kijarida hata kimoja. Ndipo akamfikiria Jafari. Akapanda pikipiki hadi Mangobo, akauliza msikitini, akaelekezwa sokoni, kutoka sokoni akaelekezwa kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Akakaribishwa na mwanamke mmoja, mwuza makayabu, aliyekuwa anasafisha samaki wake wa chumvi.

"Mama, karibu. Unatafuta nani?"

"Ninatafuta jamaa ya Papa Jafari, yenye alikuwa anatumika kazi ku maua."

"Ni baba yangu. Alikufa niko mudogo. Mimi ni Nyota."

Mama Augustine aliniambia mwenyewe, miaka michache iliyopita, kwamba alikaa chini bila kualikwa. *Nyotae*. La Nyota. Mwenye jina alikuwa hai, mbele yake, na magamba ya samaki mikononi.

Mama Nyota hakujua lolote. Au tuseme, alijua bila kujua. Nilipokwenda kwake alinieleza: "Baba alikuwa ananibeba, ananiambia, 'Nyota, jina yako iko mu kitabu ya maua.' Nilifikiri anasema vile juu niache kulia. Baba na mutoto, wanasema mambo mingi."

Kulikuwa na sanduku la bati la marehemu baba yake. Ndani: kanzu moja, tasbihi, cheti cha kazi. Na kijarida chenye jalada la bluu, kimefungwa kwa kitambaa. Kilichapishwa Kisangani, Desemba 1975. Ukurasa wa kumi na nne: *Impatiens nyotae*. Maelezo kwa Kilatini. Kielelezo kimetajwa, namba ileile ya jalada jekundu. Na mstari mmoja wa Kifaransa, Profesa akisema kwamba jina hilo ni la binti wa msaidizi wake Jafari, aliyelikuta ua hilo.

Bado ilibaki kujua kama kijarida kilifika maktaba yoyote. Docteur Chimène aliandika barua saba nje ya nchi. Sita zilijibu hapana, au hazikujibu. Ya saba, maktaba moja ya mimea huko Ulaya, ilituma picha. Kijarida kilekile. Jalada la bluu. Na mhuri wa kupokelewa: tarehe tisa Februari 1976.

Imekwisha. Jina la Nyota lilitangulia kwa miaka arobaini.

Mwenzake mmoja wa Docteur Chimène alimshauri waandikie kamati ya majina ya mimea. Ni kweli, kuna njia hiyo. Jina jipya likiwa limeenea sana duniani, kamati inaweza kukubali lihifadhiwe ili watu wasichanganyikiwe. Chimène alimpelekea Mama Augustine wazo hilo. Mama akamwuliza, "Jina yetu imeenea wapi? Yanonge?" Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Machi.

Lakini Yanonge hawakucheka. Mama Augustine alipanda pirogi, mtumbwi wa mtoni, akaenda kumwambia mdogo wake ana kwa ana. Papa Timothée hakuficha hasira yake kwangu, naye anataka niiseme kama ilivyokuwa.

"Yaya," alimwambia, kama wanavyomwita dada mkubwa, "uliona karatasi peke yako. Ungeirudisha mu karton, kwisha. Unatoa jina ya papa, unapatia mutu hatujue?"

"Timo, papa akikuta samaki mu ndoano ya mwenzake, alikuwa anafanya nini?"

"Samaki iko samaki. Jina iko jina."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Juni 2019. Kutoka siku hiyo hakumsemesha dada yake mwaka mzima na zaidi. Krismasi ilipita. Pasaka ilipita. Merdi anasema mama yake aliendelea kutuma chumvi na sabuni Yanonge kila mwezi, na hakuna jibu lililokuja.

Septemba 2020 makala ilitoka. Inasema kwa ufupi: jina linalopokelewa la ua hili ni *Impatiens nyotae*. Chini yake, kama jina lililochelewa, *Impatiens lifenyae*. Ni kurasa tatu tu. Walioiandika ni wawili: Chimène Basele na Augustine Lifenya. Mama ambaye hakuwa na diploma ya chuo, jina lake liko juu ya makala. Chimène alikataa kuichapisha bila jina hilo.

Mama Nyota alipewa nakala. Akafurahi, akaibusu. Kisha akauliza swali moja. "Na jamaa ya Mama Augustine wanasema nini?" Chimène akaanza kuulizia bei ya makayabu. Mama Nyota ni mfanyabiashara, anajua mtu akikwepa. Akauliza tena mpaka akaambiwa.

Wiki iliyofuata alipanda pirogi peke yake, na makayabu mawili makubwa ndani ya kikapu. Alishuka Yanonge bila kumjua mtu. Alikwenda hadi kwa Papa Timothée, akajitambulisha, akakataa kiti. Maneno yake Papa Timothée anayo kichwani hadi leo.

"Papa Timothée, mimi ni Nyota ya ile ua. Nilisikia jina yangu inakutenga na yaya yako. Kama ni vile, muirudishe kwenu. Niliishi miaka makumi ine na saba bila kuijua. Sitakufa nikiikosa."

Papa Timothée alisimama pale mlangoni. Alitafuta hasira yake, anasema, hakuipata. Alichopata ni kujisikia akimjibu: "Mama, haiwezi kurudi. Sheria iko sheria. Ya kwanza ndiyo ya kwanza."

"Na weye unajua vile?"

"Ninajua."

"Basi twende umuambie yaya yako."

Wakaja mjini pamoja, katika pirogi moja. Mama Augustine alikuwa anafua uani. Alipomwona mdogo wake akiingia na Mama Nyota, aliacha nguo ndani ya maji. Timothée hakusema maneno mengi. Alisema, "Yaya, nina njaa." Na makayabu yale yakapikwa siku hiyo.

Novemba, watu wanne walikwenda kwenye kijito kile cha barabara ya Ituri: Mama Augustine, Docteur Chimène, Papa Timothée na Mama Nyota. Pikipiki mbili, kisha kutembea saa moja. Mvua za wiki ile zilikuwa zimelijaza jiwe maua. Mama Nyota alivua viatu akaingia majini na kitenge chake. Akainama. Mama Augustine akamwonyesha tunda lililoiva, la kijani, nene kama punje ya mchele. "Gusa." Akaligusa, likapasuka kwenye vidole vyake, mbegu zikaruka. Mama Nyota akapiga kelele kama mtoto. Kisha akafunika uso kwa mikono yenye maji, akasema, "Kumbe baba alikuwa anasema kweli."

Papa Timothée ndiye aliyemshika mkono akamtoa majini.

Mwezi uliofuata Mama Augustine alistaafu. Lakini aliendelea kwenda, Jumanne na Alhamisi, hadi mwaka huu moyo ulipoanza kumsumbua. Wiki mbili kabla hajatutoka, Docteur Chimène alimtembelea. Alimwambia kuna mti mdogo ambao unaonekana haujapewa jina, na anataka kuuita kwa jina lake, safari hii kwa uhakika. Mama Augustine alikuwa amelala. Akafungua jicho moja. "Ulimaliza makarton?"

"Imebakia mbili, mama."

"Malizeni kwanza."

Ijumaa, makaburini, Mama Nyota aliomba neno. Mwislamu kati ya waimbaji wa kanisa, na watu walimpisha. Alisema: "Mimi sikuwa ninamujua huyu mama. Alikuja ku nyumba yangu na jasho, na kandambili, kuniletea kitu yenye batu yote walisema iko yake. Na hakuniomba hata maji."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii, natoa pole zetu kwa watoto wake, Merdi na Chance. Pole kwako Papa Timothée, na kwa ukoo wote wa Lifenya kule Yanonge. Pole kwako Docteur Chimène, uliyefiwa na mama wa pili. Pole kwako Mama Nyota. Familia inawashukuru waliofika, na inasema matanga yanaendelea Kabondo hadi Jumapili.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaachia jambo la kufikiri. Kila mmoja wetu anasifiwa kwa kitu fulani. Nyumba, wimbo, shamba, kazi fulani ya ofisini. Jiulize leo: kabla yangu, ni nani aliyefika hapa? Kama unamjua, mtaje kwa sauti mbele ya watu, jina lake lote. Kama amefariki, watafute watoto wake. Inawezekana wako hapahapa mjini, wanauza samaki, na hawajui.

Mimi ni Naomie Aziza. Mungu ampokee Augustine Lifenya wa Yanonge.